Nyumba Iliyonyamaza Baada ya Chakula

Ndugu zangu, nikikatizwa na machozi mnivumilie. Sijazoea kusimama mbele ya watu.

Niliolewa kijijini Nyacheki siku za kukaribia Uhuru. Mume wangu alilima majani chai. Kila jioni, tukishamaliza ugali, alifungua Biblia ya Kiswahili akasoma, kisha akatueleza kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Watoto wakigombana hakukimbilia fimbo. Aliwauliza tu, "Yusufu aliwafanyia nini ndugu zake?" Basi wakatulia.

Siku moja mkaratusi aliokuwa akiukata ulimwangukia. Hakufika hospitali.

Baada ya mazishi watoto waliketi mahali pao wakingoja. Niliichukua Biblia nikaifungua, nikayatazama yale maandishi. Mimi sikusomeshwa. Nikaifunga, nikawaambia wakalale. Ikawa hivyo kila siku. Nawaambia, kilio cha matanga watu hukusaidia, lakini kimya kile nilikibeba peke yangu. Mwisho watoto wakawa wanakula na kutawanyika. Binti yangu mkubwa alikataa hata kuomba. "Mungu wa Baba alikuwa wapi?" aliniuliza.

Jioni moja mama mkwe, ambaye mume wangu ndiye aliyekuwa mwanawe wa pekee, alikuja akaketi nasi.

"Tuambie habari za Hajiri," akasema.

"Mama, unajua siwezi kusoma."

"Sikukuambia usome. Si ulikuwa hapa akisoma?"

Nikaanza. Hajiri yuko jangwani, maji yamekwisha, amemlaza mtoto kichakani asimwone akifa. Hapo nikashindwa. Tukalia, mama mkwe na mimi. Ndipo binti yangu, yule aliyekataa kuomba, akasema polepole, "Mungu alimsikia mtoto, Mama. Akamwonyesha mama yake kisima. Baba alisema hivyo."

Tangu jioni ile tukawa tunasimuliana tunayokumbuka. Baadaye niliingia ngumbaru pamoja na watu wazima wenzangu, kitinda mimba wangu mgongoni, nikajifunza herufi. Mama mkwe aliwahi kunisikia nikimsomea zaburi akiwa kitandani. Nilikosea maneno mengi. Alinishika mkono tu. Juma lile tukamzika.

Namshukuru yeye, na akina mama wa kanisa walionichumia chai nilipokuwa siwezi kuinuka. Ninyi wenye watoto, msingoje kusoma sana ndipo muwafundishe. Wapeni mnalokumbuka, hata sauti ikitetemeka. Mume wangu bado namlilia. Lakini watoto wake wanaomba.