Saa Isiyojua Njia

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mama mmoja mshonaji alimkabidhi fundi wa simu saa ya mazoezi iliyofunguliwa mgongo. Hawakuwa wanajuana, ila fundi alikuwa na mkoba wake wa kazi mapajani, na mama yule alikuwa na hasira za kugawia basi zima.

"Ni ya mume wangu. Kila jioni anasema anakwenda kukimbia. Kaifungua kwa bisibisi ya cherehani yangu, mpaka kaipinda ncha. Niambie katoa nini."

Fundi aliiinamia saa. "Betri ipo. Hii taa ya kijani inayosoma mapigo ya moyo ipo, na kipima hatua kipo. Ila antena ya setilaiti imekatwa. Saa haijui tena alikokwenda."

"Lakini jana imeandika moyo ulikwenda mbio jioni nzima, na hatua ni za mtu aliyetoka mlangoni kwenda kitandani."

Nilitazama dirishani kwa bidii, ingawa pazia lilikuwa limefungwa.

"Usimhukumu, dada," alisema fundi, mwanamume akimtetea mwanamume. "Pengine anaumwa."

Basi lilisimama. Mshonaji akachukua saa yake, akainuka.

"Bado. Ataumwa nikifika."