Daftari la Bi Mwamvua Ubwa, Mpishi wa Skuli

Tumekutana kwenye hitma ya mama yetu, Bi Mwamvua Ubwa Matar, aliyerejea kwa Mola wake Jumanne, tarehe 6 Mei 2025.

Marehemu alizaliwa Kizimkazi tarehe 2 Machi 1958. Alisoma hadi darasa la sita, akaacha baba yake alipofariki. Mwaka 1979 aliolewa na Bwana Masoud Nahodha, wakahamia Mpendae.

Tangu 1998 alipika chakula cha mchana kwenye skuli ya jirani. Wazazi walichangia, watoto wa wasiojiweza walikula bure, na majina yao aliyajua yeye peke yake, kwenye daftari alilolificha nyuma ya magunia ya mchele. Alipakua kwenye masinia, watoto wanne wanne, hata nani kachangia na nani hakuchangia hapana aliyejua. Mtoto mmoja aliwahi kumuuliza, "Bi Mwamvua, mimi nnakula bure?" Akamjibu, "Wewe unakula kwa sababu ushakaa. Kula, wali unapoa."

Mwaka 2023 alikuja afisa kutaka idadi ya wanaokula bure, ili umaskini wa skuli ujulikane. Marehemu alifurahi mno, maana afisa huyo utotoni alisoma skuli hiyo hiyo. Akampa ukurasa wa mwaka ule. Wiki ya pili majina sabini na manne yalibandikwa mlangoni, eti yahakikiwe. Watoto wakaona haya, wakaacha kuja kula. Mwisho wa muhula walibaki kumi na tisa, na ripoti ikaandika kwamba umaskini umepungua.

Marehemu alihisi amesalitiwa, wala hakuficha. Alimwita afisa jikoni, akamfunulia kurasa za zamani. Binti yake Sumaiya, aliyekuwa akikosha masinia, alisikia yote.

"Mwanangu, jina lako limo humu miaka saba. Nilimwambia nani?"

"Nnafuata maagizo, Bi Mwamvua."

"Basi nrejeshee watoto wangu."

Hakuwarejesha. Marehemu akawa anawapelekea chakula majumbani kwao kwa miguu, mpaka maradhi ya moyo yakamlaza Aprili hii.

Ameacha mume, watoto wawili, Kheir na Sumaiya, wajukuu watano, na watoto hamsini na watano ambao leo mchana hawakula.

Alituusia tulichome daftari, nasi tumelichoma bila ya kulifungua. Afisa yule yumo humu, kakaa kwenye sinia pamoja nasi, na uchungu wetu haujapoa. Jina lake hatulisomi. Marehemu hakuwahi kulisoma la mtoto yeyote aliyekula kwake bure.

Mola ampe mapumziko mema. Chakula kinapakuliwa, kila aliyekaa, ale.