Kama Baiskeli Inaweza Kuleta Ndoto

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, saa nane na robo mchana, mke wangu Taaka alifariki nyumbani kwetu Dabani, nami nilikuwa ng'ambo, upande wa Kenya, na magunia mawili ya mahindi juu ya baiskeli. Asubuhi ile aliniomba nimsogezee kitanda karibu na dirisha. Nilimwambia, nikirudi. Tangu hapo nimemwota mara nne. Kila mara anakuja akiwa mzima, anachambua maharagwe, ananiuliza kama mbuzi wamepata maji, nami namjibu habari za mbuzi. Ndotoni sijui kwamba amefariki, kwa hiyo sikumbuki kumwomba msamaha. Nikiamka ndipo nakumbuka. Jambo hili nililipeleka kijiweni, kwenye benchi la Provia muuza kahawa, karibu na lango la mpaka upande wa Uganda. Pale wapo watatu wasiokosa. Odhiambo, Mkenya anayevuka kila siku kuuza viatu, tunamwita Bando kwa sababu simu yake haikosi intaneti. Okiror ni Shimo, anachimba dhahabu Tiira. Bwire ni Fomu, anawajazia watu karatasi za kuvusha mizigo. Mimi, mvusha mizigo kwa baiskeli, wananiita Mzee Kengele.

— Mzee Kengele, jibu nimelipata, alisema Bando akiinua simu. Kuna watu wanaota huku wanajua wanaota. Mtu anaweza hata kuamua atasema nini. Na hapa wameandika, wanaofanya mazoezi ya mwili wanaota hivyo zaidi ya wengine.

— Nani ameandika? aliuliza Shimo.

— Watafiti.

— Wa wapi?

— Omera, ndugu, sasa unataka na kijiji chao?

— Waliuliza watu ngapi?

— Sijafika hapo. Ngoja. Hapa chini wanasema bado hawana hakika.

— Basi soma mpaka chini kabla hujatupigia kelele. Mimi nafanya zoezi kuliko hao wote. Napasua mwamba kutoka asubuhi, navuta ndoo mpaka jua inashuka. Nikilala, nalala. Hata nyumba ikibebwa, watanikuta kwa nyasi. Miaka sita sijaota kitu.

— Wewe hulali, ndugu yangu, alisema Fomu. Wewe unazimia.

— Bibi yangu anasema nakoroma. Mtu amezimia anakoroma?

— Shida yako ni saa, alisema Fomu. Mimi nimelichunguza jambo hili. Ukifanya zoezi jioni, damu yote inabaki kwa miguu. Ndoto inafika kichwani, inakuta ofisi imefungwa. Lakini ukifanya asubuhi, damu inapata siku nzima ya kupanda pole pole.

— Damu inapanga foleni kama malori? aliuliza Bando.

— Unacheka, lakini ni hivyo hivyo. Ndiyo maana mzee anatakiwa alale miguu ikiwa juu ya mto. Damu ivuke haraka.

— Mtu wa miaka yake alale miguu juu? alisema Provia. Akianguka nani atamwinua, na mama hayuko?

Provia akaweka birika chini.

— Nisamehe, baba.

— Hakuna neno, mama. Ni kweli hayuko.

Shimo alikunywa kahawa, akafikiri, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye anaona jambo lingine.

— Marehemu hawakai pahali pamoja. Wanatembea mbali sana. Wewe ukienda ndotoni na miguu imelala, yeye ameshapita, unapata dakika moja tu, ya kuuliza mbuzi. Lakini mtu ako na miguu ya nguvu anamfuata. Anampata. Wanaongea.

— Kwa hiyo mazoezi ni ya kumkimbiza mke wake? aliuliza Fomu.

— Si kumkimbiza. Kutembea na yeye.

Hapo niliwaambia kwamba nimeshajaribu. Baada ya mazishi sikuwa napata usingizi kabisa. Kwa hiyo kwa wiki mbili nilikuwa naamka kulipopambazuka, nasema sala, kisha naendesha baiskeli tupu kutoka Dabani mpaka Nabuyoga na kurudi.

— Na kweli usingizi ulikuja, nikasema. Namshukuru Mungu kwa hilo. Nalala mpaka jogoo ananiamsha.

— Mmeona! Bando alipiga goti lake. Sayansi!

— Na ndoto? aliuliza Provia.

— Moja tu. Nilikuwa napanda kilima na mtu nyuma ya baiskeli. Alikuwa mwepesi. Nilidhani ni abiria, sikugeuka.

— Ni yeye! alisema Shimo.

— Sijui. Sikugeuka.

— Mzee wangu, nawe, alisema Bando. Safari yote hiyo hukumuuliza hata anashukia wapi?

Nilicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Bando alirudi kwenye simu. Alisema kuna zoezi jingine, la akili. Mchana, mara nyingi, mtu ajiulize kama yuko macho au anaota, tena atafute alama ya kumthibitishia. Akizoea, atajiuliza vile vile usingizini, na hapo atajua.

— Alama gani? aliuliza Fomu.

— Wanasema hesabu vidole.

— Vidole ni vya watu wa mbali na mpaka. Mzee, alama yako ni hii. Ukiona umepita pale langoni na magunia mawili, na hakuna mtu hata mmoja amekuita utoe chochote, jua umelala.

Walicheka mpaka Provia akamwaga kahawa. Mimi sikucheka, kwa sababu Fomu alikuwa amenipa shauri lile lile wiki iliyopita, nilipomweleza ndoto zangu tukiwa wawili, naye alikuwa amesahau.

— Nililifuata shauri hilo, nikasema. Kila nikivuka nilikuwa najiuliza. Alhamisi nilipita na mzigo. Askari alikuwa anaongea na dereva, wa forodha alikuwa ameinama. Hakuna aliyeniita. Nikajua ni ndoto. Nikashuka, nikaiacha baiskeli ianguke, nikasimama katikati ya barabara nikamwita Taaka kwa sauti yangu yote.

— Ee Mungu wangu, alisema Provia.

— Malori yakapiga honi. Askari akaja akanishika mkono, akaniuliza, mzee, unamtafuta nani? Nikamwambia, mke wangu. Akaniuliza amevaa nguo gani, wamtafute.

Fomu alivua kofia yake.

— Mzee, ule ulikuwa utani tu, alisema. Nisamehe.

— Najua. Lakini mimi nilikuwa tayari. Maneno yote yalikuwa mdomoni.

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi mwisho wa benchi tangu kikombe cha pili, beseni la omena, dagaa wa ziwani, miguuni pake. Hatukumjua. Alisema anaitwa Winfred, anatoka ng'ambo, anangoja mteja.

— Samahani, wazee wangu. Naomba kuuliza. Kwani baba akiwa macho hivi, mama hawezi kumsikia?

Shimo alimtazama Fomu. Fomu alimtazama Bando. Bando alitazama simu yake, kisha akaigeuza kifudifudi juu ya benchi.

Nimefundishwa tangu ubatizo wangu kwamba waliokufa katika Kristo wanaishi. Naikiri imani hiyo kila Jumapili nikiwa nimesimama. Lakini nilikuwa nimeendesha baiskeli mpaka magoti yamevimba ili nimfikie Taaka nikiwa nimelala.

Niliweka kikombe chini. Nikasema na Taaka pale pale, kwa Kisamia chetu, mbele ya watu, mchana kweupe. Nilimwambia lile la asubuhi ile, la kitanda na dirisha, lote, bila kujitetea. Sikusikia sauti yoyote, wala sikuona kitu. Nilipomaliza, Shimo aliinuka, na wengine wakainuka, Winfred naye, nikawaomba tusali.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Taaka. Alikupenda tangu utoto wake, nawe unamjua kuliko mimi. Mfutie makosa yake, umpe pumziko ambalo hapa hakulipata. Uwakumbuke pia wote waliokufa wakiwa peke yao nyumbani, watu wao wakiwa kazini. Uwe nao wewe, ambaye hukuwa mbali. Amina.