Daftari la Fundi wa Fayawoli

Wasikilizaji wapendwa, leo naongea taratibu, maana hata mimi sijaamini bado.

Jumanne saa nne asubuhi Fundi Daftari, kama wenzake walivyozoea kumwita, alikuwa hai, anatania watu. Saa nne na nusu hayupo. Moyo ulisimama akiwa kitini, kalamu mkononi. Miaka arobaini na mmoja tu.

Alikuwa fundi wa mtandao wa hospitali. Kazi yake kubwa ilikuwa fayawoli, kile kisanduku kinacholinda mlango wa mtandao. Mashine ya ndani ikitaka kutuma kitu nje, fayawoli huibadilishia anwani kwa kufuata orodha ya kanuni; huzisoma kuanzia juu, na ya kwanza inayoihusu mashine ndiyo hushika. Ikipewa anwani isiyo yake, huko iendako haipokelewi.

Asubuhi hiyo picha za kichwa cha mama mmoja mgonjwa ziligoma kumfikia bingwa wa upasuaji, aliye mji mwingine. Bila picha, bingwa hawezi kusema apasuliwe au la. Na mama alikuwa anaanza kupoteza fahamu.

Fundi hakugusa kitu kabla ya kuandika. Ndivyo alivyokuwa. Mwenzake wa kazi, dada mmoja mcheshi, akamwambia, "Kaka, unaandika barua ya posa?"

Akajibu, "Wacha niandike, dada. Kichwa changu si mali yangu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Madaktari wakimhangaikia sakafuni, dada yule alilichukua daftari huku analia. Akasoma: "Kanuni ya mashine zote iko juu, inaimeza ya mashine ya picha. Ya picha ipande juu."

Akaipandisha. Picha zikagoma vilevile. Akafunua ukurasa wa nyuma, wa mwaka jana: "Ukishapandisha, kata miunganisho ya zamani. Fayawoli haiachi ilichokwisha kuanza."

Akaikata. Picha zikapita. Mama alipasuliwa, na leo anakula mwenyewe.

Mke wa marehemu ameniambia, "Nyumbani pia aliandika. Nilikuwa namnunia, mume gani anaandika hadi funguo zinapokaa. Jana nikazitafuta funguo za kabati nitoe shuka ya kumfunikia. Nikafungua daftari. Zilikuwa palepale."

Mjane mwenzangu, maana nami nilifiwa na mume, pole sana. Watoto wake wawili, poleni. Mungu aliyemwita bila kumwonya awashike mkono.

Nasi tunaosikiliza tujiulize. Tukiitwa leo saa nne na nusu, anayebaki ataanzia wapi?