Mrashi wa Nyumba ya Bi Kaltoum: Maisha ya Marehemu Idarousse Ahamada

Ndugu na majirani mliokusanyika kabla ya sala ya jeneza, aliyelala mbele yetu ni Idarousse Ahamada, aliyezaliwa hapa Mutsamudu tarehe 3 Machi 1936. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yake. Wa pili na wa mwisho alikuwa Bi Kaltoum, ambaye ndiye aliyetaka haya yaandikwe, na akataka yaandikwe bila kufichwa kitu.

Alisoma Kurani kwa mwalimu wake, Fundi Soulé, kisha akaingia shule ya Wafaransa na kumaliza madarasa yote ya hapa mjini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, na kwa ajili yake alipata kazi ya ukarani wa posta Moroni mwaka 1958. Siku ya kuondoka, mama yake alimkabidhi mrashi wa fedha, chombo cha kunyunyizia marashi, kilichonyunyizia maharusi wote wa nyumba yao tangu enzi za mama wa bibi yake. Shingo ya mrashi huo ilikuwa imepasuka. Alitakiwa ampelekee sonara wa Moroni auunge, kisha aurudishe.

Sonara aliuunga kwa wiki moja. Idarousse aliuweka juu ya meza ya chumba chake, akautazama, akauzoea, na hapo ndipo ugonjwa wake wa kupenda vitu vya kale ulipoanza. Mama alipouliza, alijibu kwa barua kwamba fundi hajamaliza. Kaltoum aliolewa Julai 1961, mama yao akiwa hai bado, na wageni wakanyunyiziwa marashi kwa chupa ya kawaida ya manukato, huku wanawake wakitazamana. Mwaka 1967 marehemu bado alikuwa akiandika kwamba fundi hajamaliza, na fundi mwenyewe alikuwa ameshazikwa miaka mitatu.

Mwaka 1966 alimwoa Bi Zaitoun wa Ntsoudjini, akahamia nyumbani kwa mkewe kama ilivyo ada yetu. Akaijaza nyumba hiyo saa za ukutani, sahani za kaure, taa na marufaa ya kusomea Kurani, kila kimoja kikiwa na kikaratasi cha tarehe kilipomfikia. Hakuuza kitu. Yeye na rafiki yake Ayouba wa Mvouni, pamoja na wapenzi wengine wa mambo hayo, walikuwa wakikutana kila mwaka, na kila mtu alileta kitu alichokaa nacho muda mrefu kuliko vyote. Marehemu alipeleka saa yake iliyomfikia mwaka 1959, na Ayouba akamshinda kila mara kwa kisu cha mwaka uliotangulia. Angeweza kumfikia mwenzake kwa urahisi, lakini ule mrashi hakuupeleka hata siku moja. Aliufunga kwa kitambaa ndani ya kabati, kwa sababu aliuonea haya.

Mwaka 1997 Nzwani, kisiwa chetu hiki, ilijitenga, nasi tuliokuwa ndugu tukaanza kuulizana vyeti vya kuzaliwa. Aprili 1999 vijana walipita mitaani kule Ngazija, kisiwa cha Moroni na Ntsoudjini, wakiwatafuta watu wa kwetu wawaondoe. Walipofika mlangoni, Bi Zaitoun alisimama kizingitini.

"Nyumba hii nimejengewa na mama yangu," aliwaambia. "Kila mnachokiona ndani ni changu. Mtu wa Nzwani ana kofia yake tu, na kofia kaivaa."

Waliondoka bila kugusa kitu, ila walimtaka mume awe ameondoka kabla ya Ijumaa. Marehemu alibaki kitini. Baadaye alisimulia kwamba siku hiyo ndiyo aliyoelewa maana ya kitu kukaa mahali si pake. Bi Zaitoun alifungua kabati, akatoa mrashi, akamwekea mapajani.

"Vyote vingine nitakutunzia, baba Wassim. Huu si wa nyumba yangu. Mrudishie dada yako."

Marehemu alishuka bandarini hapa akiwa na mfuko mmoja. Bi Kaltoum aliupokea mrashi, akapitisha kidole kwenye kiungo cha shingo, akaufungia sandukuni. Kaka yake akasema, "Kaltoum, nisamehe." Dada akajibu, "Kula kwanza, wali unapoa."

Mwaka na miezi mitano aliishi katika nyumba ile, na kila Ijumaa aliomba msamaha, na kila Ijumaa aliambiwa ale. Wapwa zake tulicheka wakati mwingine, na leo tunajuta. Ugonjwa wa sukari ulimzidi mwezi wa sita mwaka huu, wakati vikwazo tulivyowekewa kwa kujitenga vimeshatubana, dawa adimu na simu za kwenda Ngazija zimekatwa. Miguu ilivimba, kisha macho yakafifia. Amefariki alfajiri ya leo, Jumanne, tarehe 12 Septemba 2000, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada yake.

Ameacha mke, Bi Zaitoun; watoto wawili, Wassim na Saandia, wote wakiwa Ntsoudjini; dada yake, Bi Kaltoum; na wapwa wanne. Nakala ya karatasi hii itapitia kisiwa cha Maore kwa mkono wa msafiri. Wakati haya yanasomwa, Bi Zaitoun hajajua kwamba ni mjane.

Bi Kaltoum ameamuru maneno yafuatayo yasomwe kama alivyoyatamka:

"Kaka Idarousse, nilikusamehe siku ileile uliposhuka bandarini. Sikusema. Nilitaka nikuadhibu kidogo, kisha nikapanga niseme siku ya harusi ya binti yangu Chahida, tarehe 24, wewe mjomba wake umekaa mbele, watu wamejaa, nikunyunyizie wewe wa kwanza kwa mrashi ili wote walioniona na ile chupa waone. Zilibaki siku kumi na mbili. Nilidhani tunazo. Sasa wewe nisamehe mimi."

Mola amfikishie maneno haya huko alikotangulia, na ampe utulivu tulioshindwa kumpa.