Mama wa Nyuma mu Ekipi ya Radi

Ukungu ulishuka mapema siku ile pale Kashebere, na waliokaa kwenye benchi la kahawa la Emérita hawakuona mbali kuliko matairi ya fuso la Théophile. Dereva huyo walimwita Turbo, maana hakuna mlima aliowahi kuupanda polepole. Kando yake alikaa Ngabo, mkulima wa viazi, jina la utani Kamera, kwani kila jambo alidai kuliona kwa macho yake, na Régine muuza maharagwe, ambaye kwa mdomo wake walimwita Redio. Turbo alikuwa ametoka kwao Butembo na furushi la vitabu vya picha vya marehemu mjomba wake. Ilikuwa ile bédé ya zamani, Ekipi ya Radi, ambayo wote waliisoma utotoni na wote waliitukana.

— Bashujaa ba bure! Redio alicheka akifunua. Huyu anatapika moto, huyu anavunja mawe na kichwa, na kila numero banafika kijiji kimeisha kuungua.

— Banafika, banaanza kubishana nani njo chef, Turbo akasema. Mujomba alikuwa anasema, "Ngojeni, numero ya mbele batapigana." Bédé ikakufa, na haba bado banabishana.

Emérita alicheka pia huku akimimina kahawa. Alipoinama kumpa Kamera kikombe, jicho lake likaangukia kona ya picha.

— Na huyu mama njo nani?

Nyuma ya mashujaa alisimama mwanamke mdogo kama kidole, furushi kichwani. Mashujaa walikuwa wanatazamana. Yeye alikuwa anatazama nje ya kitabu.

— Ni muntu wa kujaza fasi tu, Turbo akasema. Akafunua kitabu kingine. Mama alikuwamo. Akafunua kingine. Alikuwamo tena, na amesogea mbele.

— Utoto wetu wote hatukumuona? Redio akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Mie nilimuona, Kamera akasema.

— Weye unaonaka kila kitu, Redio akasema.

— Dessinateur alikuwa anachora bibi yake, Turbo akasema. Ni vile tu.

— Bibi gani anaangaliaka muntu vile? Redio akatikisa kichwa. Huyu njo chef yao. Banabishana juu banamuogopa, hakuna anayetaka kugeuka.

Kamera aliweka kikombe chini.

— Hakuna aliyemuchora, akasema taratibu. Alijiingiza. Dessinateur alikuwa analala, asubuhi anamukuta mu karatasi, karibu zaidi. Njo maana bédé ilikatika. Aliogopa kuchora numero yenye kufuata.

Turbo alifunua kitabu cha mwisho. Uso na mabega ya yule mama yalikuwa yamejaza ukurasa karibu wote, na mashujaa wamebaki nyuma yake, wadogo, bado wamenyoosheana vidole.

— Sasa akitoka umu, Redio akanong'ona, anaingia wapi?

Hapo wakasikia hatua kwenye ukungu. Kahawa ya Kamera ikamwagika. Mwanamke akatokea barabarani, furushi kichwani, akasimama mbele yao.

— Mbona munaniangalia hivi? Mama, kahawa iko?

Redio akamsogezea nafasi kwenye benchi. Mgeni akajitaja: Kayitesi, ametoka upande wa Burungu, anatafuta gari la kwenda Walikale. Emérita akampa kikombe, na wakamwonyesha vitabu, kila mmoja akimkatiza mwenzake, chef, karatasi, dessinateur. Kayitesi akavipanga magotini, akaangalia cha kwanza na cha mwisho.

— Hapa iko na mutoto mugongoni, akasema. Hapa hana. Mutoto iko wapi?

Walimtazama. Kamera alivuta kitabu cha kwanza, akakisogeza machoni.

Emérita akakaa chini, termosi mkononi. Dada yake Murekatete alipotea njiani mwaka ule wa kukimbia vita, mtoto mgongoni. Tangu siku hiyo watu walikuwa wamemuuliza Emérita mengi: nani aliyepiga, ni watu wa nani, walipita njia gani. Kwenye benchi hilihili walikuwa wamebishana juu ya majibu yake hadi wakasahau kama yeye yupo. Habari ya mtoto hakuna aliyemuuliza. Hata yeye alipomwota dada yake, hakutazama mgongo.

— Alikuwa anaitwa Umurerwa, akasema.

— Nani? Turbo akauliza.

Emérita alivuta vitabu vyote kwake, akaanza kufunua kuanzia cha kwanza. Redio akasogea upande wake wa kushoto, Kayitesi wa kulia. Kamera akainama juu ya mabega yao. Walipita moto, mawe na mabishano bila kuyasoma, wakitafuta nyuma ya kila kichaka. Turbo alikwenda kuwasha taa za fuso, akazielekeza kwenye benchi ili waone vizuri.