Mshika Kamba Hakuitika

Zimeni hiyo redio, wanangu, mfunge na dirisha la barabarani, kisha kaeni mahali ninapoweza kuwaona kwa hili jicho moja lililobaki, maana nitakayosema leo nayasema mara moja na sirudii. Daktari amewapa maneno ya kuwatia moyo, lakini mwili ni wangu na naujua kuliko yeye. Wewe kifungua mimba, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Lori lako halitakimbia. Keti. Nawe binti yangu, weka sindano chini, hiyo nguo ya watu itamaliziwa kesho. Pazia la sebuleni liacheni hivyo hivyo, nusu wazi. Namjua aliyekalia kiti changu huko, nimemsikia akikohoa, na nataka asikie kila neno.

Nianze na vitu, kwa kuwa vitu ni vyepesi. Nyumba hii ni ya binti yangu, yote, chumba cha mbele chenye cherehani na cha nyuma, pamoja na lile paa la jikoni ambalo nimeliziba kila mwaka na kila mwaka likanicheka. Usinikunjie uso, wewe kaka mtu. Wewe unacho kiwanja ulichopewa na mkweo, na mshika mawili moja humponyoka. Chukua sanduku la zana na baiskeli, na buti zangu kama zitakuenea, ingawa nina shaka, maana miguu yako ni ya kukanyagia breki tu. Ngazi iliyoegeshwa uani si yetu, ni ya mwashi jirani. Nimekaa nayo tangu mvua za mwaka juzi, na kila akija kuidai namkaribisha chai mpaka anasahau kilichomleta. Mrudishieni, mumwambie mzee alikuwa mjanja, hakuwa mwizi.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Faili langu jeshini linasema mimi sikusoma kozi ya kutegua mabomu. Linasema siku ya mtihani nilikuwa mtoro. Na kwa sababu sikusoma, basi bomu lililoninyang'anya vidole na jicho nililigusa kwa ujinga wangu, na Kinyozi, rafiki yangu aliyetunyoa kikosi kizima kwa wembe mmoja na matusi mengi, aliuawa na mimi. Ndivyo lilivyoandikwa: kifo kilichosababishwa na askari asiye na mafunzo. Mmekua mkijua baba yenu ana kesi na karatasi. Sina kesi na karatasi, wanangu. Nina kesi na mtu.

Kwenye kozi ile tulifanya kazi wawili wawili. Mmoja anaingia shimoni na bomu, kamba imefungwa kiunoni mwake. Mwenzake anakaa nyuma ameshika ncha ya pili. Aliye shimoni haruhusiwi kusema wala kuinua kichwa mpaka amalize, maana mkono unafuata mdomo, ukizungumza mkono nao unatikisika. Akimaliza anavuta kamba mara mbili, maana yake nimemaliza, nitoeni. Na majina yakiitwa wakati yeye yuko chini, mshika kamba ndiye anayeitika: "Yupo!" Haikuandikwa popote, lakini hapakuwa na askari asiyeijua, kwani asiyekuwapo na lake halipo, na aliye shimoni yupo kuliko wote.

Siku ya mtihani akaja luteni mgeni, kijana wa kutoka chuoni, hajui kamba hajui shimo, akapiga marufuku mtu kumwitikia mwenzake. Akaita majina. Washika kamba wengine wakaitika vilevile, wakaadhibiwa kuchuchumaa juani na matofali kichwani mpaka jioni, na majina ya wenzao yakaandikwa sawa. Mimi nilikuwa chini, uso wangu uko karibu na kile chuma kama ulivyo karibu na mto huu wa kitanda, nikasikia jina langu likiitwa. Nikasubiri. Kikaja kimya. Mshika kamba wangu, mwenye koo lililokuwa likiamsha kambi bila tarumbeta, hata tukampa jina la Sauti, siku hiyo alinyamaza. Aliogopa tofali! Nilitegua bomu langu, nikavuta kamba mara mbili, nikapanda juu nikiwa mtoro.

Ndiyo, huyo huyo. Baba mkwe wako. Usitazame sakafu.

Mngeniuliza mbona sikulisema siku ile. Nililisema! Mwalimu wetu akaahidi kurekebisha, akahamishwa kabla wiki haijaisha, na Sauti akawa koplo, na koplo hapendi kukumbushwa. Nikadhani ni jambo dogo, kwa kuwa kazi waliendelea kunipa. Walinituma kusafisha barabara bila kuniuliza cheti. Cheti walikikumbuka nilipoumia. Lile bomu lilikuwa limetegwa juu ya jingine, wanangu, na la chini halionekani hata na aliyesoma mara kumi. Likanilaza. Sikuvuta kamba. Sikumwita mtu. Kinyozi, aliyekuwa mshika kamba wangu siku hiyo, aliitupa kamba mwenyewe akanikimbilia, akatoka nje ya njia tuliyokwisha kuisafisha, na hatua zake zikaishia hapo. Alikuja kunichukua. Mimi sikumuua.

Lakini mkewe alisomewa faili. Anauza mboga pale pembeni, mnamwona, na mnaona nikifika bombani anavyohamisha ndoo yake. Alipofariki mama yenu alikuja, akawapa mkono wote waliokaa uani, akaniruka mimi. Sikumlaumu. Mimi pia ningejiruka.

Nimeandika barua za kuomba masahihisho mpaka masjala ya jeshi wakanizoea. Mara ya mwisho nilikaa kwenye lile benchi lao lenye mguu uliofungwa waya, karani mmoja, binti mwenye adabu zake, akaniletea maji, akatazama kompyuta akasema, "Mzee, mfumo unasema hukusoma kozi hii." Nikamuuliza, "Mwanangu, huo mfumo ulikuwa kuruta wa mwaka gani?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza polepole kwamba faili halisahihishwi kwa maneno ya mwenye faili, na kwamba ingetosha hati ya kiapo ya mtu mmoja tu aliyekuwa nami siku ile. Mmoja tu. Na waliosoma kozi ile wote wamekwisha kuzikwa, amebaki mmoja, na Mungu kwa mzaha wake akamfanya babu wa wajukuu zangu.

Nikakutuma wewe, kifungua mimba. Ukarudi ukaniambia hakumbuki. Hakumbuki! Mtu anayekusimulia goli lililofungwa kabla hujazaliwa, na rangi ya soksi za mfungaji! Ulijua anakudanganya ukaubeba uongo wake ukauleta kitandani kwangu, kwa ajili ya kiwanja. Nilikusikia, nikageukia ukuta. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yangu nilijishonea mwenyewe. Dada yako akaenda kwa miguu yake, naye akajibiwa, "Yaliyopita si ndwele." Si ndwele kwake yeye! Anayeumwa ni mimi, yeye anaganga nini?

Ninamchukia. Neno ni hilo, msilipambe. Nimekula naye meza moja kwenye harusi yako, nimempa mkono huu wenye vidole viwili, naye akauangalia, akauliza kama nyama imeiva. Mkuki kwa nguruwe. Nimemchukia muda mrefu kuliko nilioishi na mama yenu, na nisingependa kufa nikiwa na yeye moyoni badala ya mama yenu.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Leo amekuja kuniaga, ati. Ameleta matunda. Binti yangu, ile karatasi ya kiapo iko chini ya mto wangu, umeiandika vizuri kwa mwandiko wako, imebaki mahali pa sahihi. Itoe. Sasa wewe kaka mtu, una koo la baba yako, simama uite. Ita kama afande gwarideni, jina langu, la baba na la babu. Mimi sitaitika. Mimi niko shimoni, sina ruhusa. Kamba anayo yule aliye nyuma ya pazia.

Ita.

Kimya. Mnakisikia? Kilikuwa hivi hivi.

Ita tena, mwanangu. Usilie, ita.

Nimesikia kitu. Hiyo si sauti, huyo ni panya darini. Wewe uliyekuwa ukiamsha kambi! Mke wa Kinyozi yuko kule pembeni, kwa mnong'ono huo atasikia nini? Tena.

Eeh. Amesema yupo. Mmesikia nyote, amesema yupo. Mpe kalamu kabla neno halijapoa. Na kesho kukipambazuka, kifungua mimba, mpakie kwenye lori lako umpeleke kwa wakili aape, usimshushe njiani hata akisema tumbo linamuuma. Nikiwa nimeshakufa, nizikeni mkitoka huko. Msitangulize kaburi.

Sijamsamehe. Msije mkasimama mbele ya watu mkasema wazee walipatana. Ameitika, basi. Matunda yake mpeni mwashi, pamoja na ngazi.

Nakala ya kwanza... si ya masjala. Ipelekeni kwa mke wa Kinyozi. Msomeeni mlangoni, mmesimama wote wawili. Akifunga mlango, someni kwa nguvu. Mwambieni mumewe hakufuata mjinga. Alimfuata mwenzake.

Sogeeni. Sioni vizuri sasa. Wewe mwenye lori, kwako sina kinyongo tena, umeita vizuri. Mungu awape nyumba isiyovuja. Awape watu wa kuwaitikia siku mtakapokuwa hamuwezi kusema. Na mwenzenu akiwa chini... itikeni. Hata kwa tofali. Itikeni.

Binti yangu, nipe mkono. La, shika huu, wa vidole viwili. Ushike hivyo hivyo, usiulegeze. Nikiuvuta mara mbili... mmeshajua maana yake.